Kardinali Rugambwa: Kofia nyekundu iliyofika kabla ya bendera ya uhuru

Na Mwandishi Wetu

UKILITAJA jina la Kardinali Rugambwa mbele ya kijana wa mjini siku hizi, mara nyingi atadhani unamzungumzia Protase Rugambwa, aliyevikwa kofia ya ukardinali Septemba 30, mwaka 2023, na ambaye Mei mwaka 2025 alikuwa miongoni mwa makardinali 133 waliojifungia mjini Vatican kumchagua mrithi wa Papa Fransisko. Kosa hilo linasameheka, kwani majina yanafanana, na wote wawili ni wana wa Bukoba.

Lakini kabla ya huyo alikuwapo mwingine. Huyo ni Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Julai 12, mwaka 1912 na kufariki dunia Desemba 8, mwaka 1997 jijini Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 85. Ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi kuitwa kardinali, na kwa karibu miaka mitano mzima, tangu Machi 1960 hadi Februari 1965, hakukuwa na mwingine.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa habari hizo, na pengine watashangaa kwamba kuna haja ya kuziandika. Hata hivyo, hata kwao liko swali moja ambalo ni nadra kuulizwa. Ilikuwaje Machi 28, mwaka 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Papa Yohane wa 23 akayapita majimbo makuu ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, akaenda kumchukua askofu wa jimbo la mashambani lililoitwa Rutabo? Na je, kofia ile ilikuwa na uzito wowote, au lilikuwa pambo tu la kuwafurahisha Waafrika katika mwaka ambao nchi zao 17 zilipata uhuru?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuatilia maisha ya mwenyewe.

Kutoka Bukongo hadi Roma

Laurean Rugambwa alizaliwa katika kijiji cha Bukongo, Buhaya, katika familia ya ukoo wenye hadhi. Wakati huo Tanganyika ilikuwa sehemu ya koloni la Wajerumani. Hakuzaliwa Mkristo. Alibatizwa Machi 19, mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka minane, na wazazi wake walibatizwa pamoja naye. Yaani, msomaji, huyu hakuwa mtoto aliyerithi dini ya babu zake, bali aliiona ikiingia nyumbani kwao kwa macho yake mwenyewe.

Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadre Weupe, walikuwa wamefika Bukoba na kufungua kituo cha Kashozi mwaka 1892. Tofauti na wengine, hawa walikuwa na haraka ya kuwapata mapadre wazalendo. Walifungua seminari huko Rubya, na Agosti 15, mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinaendelea, Waafrika wa kwanza wa Tanganyika walipewa daraja la upadre huko huko Buhaya. Kwa hiyo kijana Laurean alipoingia seminari, jambo la Mhaya kuwa padre halikuwa ndoto tena, kwani alikwisha kuwaona kwa macho.

Kutoka Rubya alivuka mpaka kwenda Seminari Kuu ya Katigondo, katika eneo la Masaka nchini Uganda, iliyokuwa ikiwapokea waseminari wa kutoka pande zote za Ziwa Viktoria. Masaka nayo haikuwa mahali pa kawaida. Mwaka 1939 Papa Pius wa 12 alimweka wakfu Joseph Kiwanuka kuwa askofu wa huko, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kupata uaskofu katika Kanisa Katoliki la Roma. Kwa lugha nyingine, Rugambwa alisomea upadre katika eneo pekee la Afrika Mashariki ambako askofu alikuwa mtu mweusi. Ni vigumu kuamini kwamba jambo hilo halikumwachia alama.

Alipewa daraja la upadre Desemba 12, mwaka 1943 na Askofu Burkhard Huwiler, Mmisionari wa Afrika aliyekuwa akiiongoza Bukoba. Baada ya miaka michache ya kazi alipelekwa Roma, akajiunga na Chuo Kikuu cha Urbaniana, ambacho ni chuo cha idara ya Vatican inayoshughulika na nchi za misheni, na akahitimu shahada ya udaktari katika sheria za Kanisa mwaka 1951.

Uchaguzi wa somo lenyewe unastahili kutazamwa. Sheria za Kanisa ndizo zinazomwambia mtu nani ana mamlaka juu ya nini, mali ya parokia ni ya nani, na askofu anaweza kufanya nini bila kuomba ruhusa ya mtu mwingine. Katika nchi ambayo karibu kila kitu cha Kanisa kilikuwa mikononi mwa mashirika ya kimisionari kutoka Ulaya, Mwafrika aliyezijua sheria hizo hakuwa padre wa kawaida.

Na hakukaa muda mrefu akiwa padre wa kawaida. Desemba 13, mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alimteua kuwa kiongozi wa vikarieti mpya ya Kagera ya Chini, iliyomegwa kutoka Bukoba. Februari 10, mwaka 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu na Askofu Mkuu David Mathew, Mwingereza aliyekuwa mwakilishi wa Papa katika makoloni ya Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 39, na ndiye Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kuwa askofu.

Machi 25, mwaka 1953 Vatican iliunda rasmi majimbo katika Tanganyika yote, na vikarieti ile ikawa Jimbo la Rutabo. Eneo lenyewe lilikuwa dogo, la migomba na mibuni. Haya ndiyo mazingira ambamo habari ya ukardinali ilimkuta.

Kofia nyekundu ni kitu gani hasa?

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili huwachanganya wengi, wakiwamo baadhi yetu waandishi wa habari, ambao huandika kwamba fulani "amepandishwa daraja" na kuwa kardinali.

Katika Kanisa Katoliki madaraja ni matatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Ukardinali si daraja la nne. Ni heshima na wajibu ambao Papa humpa mtu amtakaye, na wajibu mkubwa kuliko yote ni kumchagua Papa anayefuata. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mapadre, mashemasi na maaskofu wa mji wa Roma na vitongoji vyake, na ndiyo maana hadi leo kila kardinali, hata awe anaishi Tabora au Tokyo, hupewa kwa jina kanisa moja la Roma, ili ahesabike kuwa mkleri wa mji huo. Rugambwa alipewa kanisa la Mtakatifu Fransisko lililoko Ripa, katika mtaa wa Trastevere, ng'ambo ya Mto Tiber.

Kwa maana hiyo, kardinali hana mamlaka ya kumwamuru askofu wa jimbo jirani. Siku Rugambwa aliporudi kutoka Roma akiwa amevaa nyekundu, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam aliendelea kuwa Edgard Maranta, Mkapuchini kutoka Uswisi, na Rugambwa aliendelea kuwa askofu wa jimbo lake, pasipo kuongezewa hata parokia moja kwa sababu ya kofia ile. Juni 21 mwaka ule ule jimbo lake lilianza kuitwa Jimbo la Bukoba, lakini hilo lilikuwa jambo la mpangilio wa majimbo.

Kwa kawaida Papa huwapa ukardinali maaskofu wa miji mikubwa na wakuu wa idara za Vatican. Kwa mtindo huo, kama Afrika Mashariki ilikuwa ipewe kardinali mwaka 1960, zamu ingekuwa ya Maranta wa Dar es Salaam, au John McCarthy wa Nairobi aliyekuwa Mwairishi, au Louis Cabana wa Rubaga, Kampala, aliyekuwa Mkanada. Wote walikuwa maaskofu wakuu na wote walikuwa wamisionari wazungu. Papa Yohane wa 23 angefuata ngazi, angempata mzungu. Ili ampate Mwafrika wa Afrika Mashariki ilimbidi aiache ngazi.

Na si Afrika peke yake. Katika orodha ya makardinali saba waliotangazwa siku hiyo walikuwamo pia Peter Tatsuo Doi wa Tokyo na Rufino Santos wa Manila, Mjapani wa kwanza na Mfilipino wa kwanza kupata heshima hiyo. Papa huyo, aliyechaguliwa Oktoba 1958 akiwa mzee wa miaka 76 na kudhaniwa kuwa wa mpito tu, alikuwa amekwisha kuivunja kanuni ya tangu mwaka 1586 iliyosema makardinali wasizidi 70. Alikuwa amekwisha pia kutangaza kwamba ataitisha mtaguso wa Kanisa zima. Alihitaji watu wa mabara mengine wakae meza moja na wazee wa Ulaya kabla ya mtaguso huo kuanza.

Waliosema kofia ya Rugambwa ilikuwa pambo hawakukosa hoja. Makoloni yalikuwa yakivunjika, na Vatican haikutaka Kanisa lionekane kuwa mali ya mkoloni anayefungasha mizigo yake. Siasa ilikuwamo, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini pambo halipigi kura. Papa Yohane alipofariki dunia Juni 1963, makardinali 80 waliingia katika Kanisa dogo la Sistina na kumchagua Paulo wa 6. Kutoka majimbo yote ya bara la Afrika, kuanzia Cairo hadi Cape Town, aliingia mtu mmoja tu, naye ni askofu wa Bukoba.

Sauti moja katika Mtaguso

Mtaguso wa Pili wa Vatican ulifunguliwa Oktoba 11, mwaka 1962. Waliohudhuria walikuwa maaskofu zaidi ya 2,000 kutoka duniani kote, na mijadala ilifanyika kwa Kilatini. Maaskofu wa kutoka Afrika walikuwa mamia kadhaa, wengi wao wakiwa bado wamisionari wazungu. Waligawanyika kwa lugha, waliosoma kwa Kifaransa na waliosoma kwa Kiingereza, na wengine walikuwa hawajawahi kuonana kabla ya siku hiyo.

Katika ukumbi kama huo, bara lisilojipanga humezwa. Maaskofu wa Afrika walilitambua hilo mapema. Waliunda sekretarieti yao ya pamoja wakiwa huko huko Roma, na Kardinali Rugambwa akawa mwenyekiti. Makatibu walikuwa wawili: Jean Zoa, Askofu Mkuu wa Yaoundé, kwa upande wa wanaotumia Kifaransa, na Joseph Blomjous, Mholanzi aliyekuwa Askofu wa Mwanza, kwa upande wa wanaotumia Kiingereza.

Mbinu yao ilikuwa rahisi. Badala ya kila askofu kusimama na kusema lake, walikubaliana kwanza wao kwa wao, kisha mmoja akasimama na kuzungumza kwa niaba ya maaskofu wote wa Afrika. Hotuba ya askofu mmoja wa misheni ingeweza kupita bila kusikika. Hotuba ya mamia ya maaskofu inayotolewa na mtu mmoja, hasa akiwa kardinali, haikuweza kupuuzwa kirahisi. Hapo ndipo kofia ilipofanya kazi, kwa sababu makardinali walipewa nafasi ya kuzungumza kabla ya wengine.

Walichokitaka kilikuwa wazi, nacho kilikuwa ibada. Hadi wakati huo Mkatoliki wa Kamachumu au wa Kigurunyembe alisali Misa kwa Kilatini, padre akiwa amewapa watu mgongo. Ngoma ilikuwa kitu cha nje ya kanisa. Maaskofu wa Afrika waliunga mkono kwa nguvu matumizi ya lugha za watu na mila zisizopingana na imani. Desemba 4, mwaka 1963 hati ya Mtaguso kuhusu liturujia ilipitishwa, na mlango ukafunguliwa.

Leo, katika kila parokia ya jiji hili, kuanzia Msimbazi hadi Mbagala, Misa husaliwa kwa Kiswahili, kwaya zikipiga kinanda na kayamba, na hakuna anayeona ajabu. Vijana wengi wa kwaya hawajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo jambo hilo lilihitaji kuombewa kura Roma. Haitakuwa haki kusema ni kazi ya Rugambwa peke yake, kwani maaskofu wa Ulaya na Asia nao walilitaka. Lakini ombi la Afrika lilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alitoka Bukoba.

Jambo jingine lilitokea wakati wa Mtaguso ambalo kwa watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria lilikuwa kubwa. Oktoba 18, mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Kwa mtu aliyesomea Katigondo, hao hawakuwa watakatifu wa kwenye picha. Walikuwa majirani.

Februari 1965 Afrika iliongezewa makardinali, akiwamo Paul Zoungrana wa Ouagadougou, Mwafrika mweusi wa pili. Baadaye wakafuata Joseph Malula wa Kinshasa mwaka 1969, Maurice Otunga wa Nairobi mwaka 1973 na Emmanuel Nsubuga wa Kampala mwaka 1976. Upweke wa Rugambwa ukawa umekwisha.

Jiji, ujamaa na shule

Inashangaza kidogo, lakini ni kweli, kwamba kardinali wa kwanza wa Afrika alikaa miaka minane na nusu bila kuwa askofu mkuu wa mahali popote. Askofu Mkuu Maranta alistaafu mwaka 1966 na kiti cha Dar es Salaam kikabaki wazi. Desemba 19, mwaka 1968 ndipo Rugambwa alipoteuliwa kukikalia. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kukaa katika kiti hicho.

Alitoka katika jimbo ambako Ukatoliki ulikuwa na mizizi mirefu vijijini, akaja katika mji wa bandari wenye Waislamu wengi, ambako Wakatoliki wengi walikuwa wageni kama yeye: makarani, askari, walimu na vibarua waliotoka bara. Sensa ya mwaka 1967 iliuhesabia mji huo watu wapatao 273,000. Sensa ya mwaka 1988, miaka minne kabla hajastaafu, iliukuta na zaidi ya milioni 1.3. Askofu Mkuu wa Dar es Salaam kwa miaka hiyo alikuwa kama mtu anayejenga nyumba huku wapangaji wakiendelea kuingia. Ukonga, Tabata, Mbagala na Kimara, ambako leo kuna parokia kubwa, yalikuwa mashamba au vijiji vya pembezoni alipofika.

Alifika pia katika wakati mgumu wa kisiasa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967. Rais Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyesali kila mara, lakini serikali yake ilikuwa imechagua ujamaa, neno ambalo huko Ulaya liliwatia hofu Wakatoliki wengi. Maaskofu wa Tanzania, katika waraka wao wa kichungaji wa mwaka 1968, waliukubali kwa ujumla mwelekeo wa nchi. Kisha ikaja zamu ya shule.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa serikali mamlaka ya kuzichukua shule zilizokuwa zikiendeshwa na mashirika ya dini kwa ruzuku ya umma. Hazikuwa shule chache. Kwa Kanisa Katoliki shule ndizo zilizokuwa mguu wa kwanza wa kila misheni, zimejengwa kwa michango ya waamini na kwa jasho la masista na mabruda. Kuzikabidhi lilikuwa jambo chungu.

Serikali nayo ilikuwa na hoja nzito. Katika nchi ambayo shule nyingi zilikuwa za Wakristo, mtoto wa Kiislamu alijikuta ama anakosa nafasi au anaipata kwa kuingia katika mazingira ya dini isiyo yake. Taifa changa halikuweza kuendelea hivyo. Kanisa lililokuwa na kardinali, mtu ambaye neno lake lingesikika hadi Roma na katika magazeti ya Ulaya, lingeweza kupiga kelele kubwa. Halikufanya hivyo. Shule zilikabidhiwa bila mgogoro wa wazi kati ya maaskofu na Ikulu.

Wako wanaosema hadi leo kwamba Kanisa lilikuwa laini mno, na kwamba ubora wa elimu ulishuka kwa sababu hiyo. Mwandishi wa makala haya anaona mizani inaelemea upande wa pili. Katika miaka ile ile nchi kadhaa za bara hili zilishuhudia serikali na Kanisa vikipigana hadharani, Zaire ya Mobutu ikiwa mfano wa karibu, ambako Kardinali Malula alilazimika kuihama nchi kwa muda mwaka 1972. Tanzania haikufika huko, na sehemu ya sifa hiyo ni ya watu wawili ambao kila mmoja alijua mipaka ya mwenzake.

Mambo yalibadilika taratibu. Miaka ya 1980 uchumi ulipokwama, serikali ilianza kuwaruhusu tena watu binafsi na mashirika ya dini kufungua shule na hospitali. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini hati ya maelewano kuhusu huduma za elimu na afya, hati ambayo baadhi ya Waislamu wameilalamikia tangu hapo kwamba inawapendelea Wakristo. Mwaka huo huo Rugambwa alistaafu. Jina lake limebaki katika Shule ya Sekondari ya wasichana ya Rugambwa mjini Bukoba na katika hospitali iliyoko Ukonga, ambayo abiria wa njia ya Gongo la Mboto huipita kila siku.

Kura mbili na vita moja

Mwaka 1978 ulimpeleka Roma mara mbili. Agosti 26 makardinali 111 walimchagua Yohane Paulo wa Kwanza, ambaye alifariki dunia baada ya siku 33 tu. Oktoba wakarudi tena, na Oktoba 16 wakamchagua Karol Wojtyla wa Krakow, Papa wa kwanza asiye Mtaliano tangu karne ya 16. Safari hii Mwafrika mweusi hakuwa mmoja tena katika chumba kile.

Hazikupita hata wiki tatu tangu uchaguzi huo, majeshi ya Idi Amin yakauvuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera iliyo kaskazini mwa mto. Mkoa huo, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ndio alikozaliwa Kardinali. Nchi ambayo majeshi hayo yalitoka ndiyo iliyomlea katika seminari. Katika vita ile, watu waliosali kwa lugha zinazoelewana, na ambao mapadre wao walisoma katika darasa moja, walijikuta wakiwa pande mbili za mtutu.

Papa yule aliyemchagua Oktoba 1978 alikuja kumtembelea Septemba 1990. Yohane Paulo wa Pili alikaa nchini tangu Septemba 1 hadi 5, akapita Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Mwenyeji wake jijini alikuwa mzee wa miaka 78, ambaye tangu mwanzo wa mwaka ule alikwisha kupewa askofu mwandamizi wa kumrithi, Polycarp Pengo.

Hapa kuna kanuni moja ya kuelezwa. Mwaka 1970 Papa Paulo wa 6 aliagiza kwamba kardinali anayefikisha miaka 80 asipige tena kura ya kumchagua Papa. Rugambwa alifikisha umri huo Julai 12, mwaka 1992. Siku kumi baadaye, Julai 22, alistaafu na Pengo akashika usukani. Kwa hiyo katika muda wa siku kumi alipoteza kura na kiti. Aliishi jijini miaka mingine mitano, na Februari 1998, miezi michache baada ya kifo chake, Pengo naye akavikwa kofia nyekundu.

Desemba 8, siku aliyofariki dunia, ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria. Pia ndiyo siku ambayo Mtaguso wa Pili wa Vatican ulifungwa, miaka 32 kabla yake. Alirudishwa Bukoba kuzikwa, lakini Kanisa Kuu la mji huo lilikuwa katika ujenzi mpya, hivyo akahifadhiwa katika kanisa la nje ya mji. Alisubiri hapo karibu miaka 15. Oktoba 6, mwaka 2012 mabaki yake yalihamishiwa katika Kanisa Kuu lililokamilika, ambako yamelala hadi leo.

Turudi kwa yule Rugambwa mwingine ambaye vijana wanamjua. Septemba 2, mwaka 1990, katika ziara ile ya Yohane Paulo wa Pili, Papa aliwapa daraja la upadre vijana kadhaa hapa Dar es Salaam. Mmoja wao alitoka Bunena, Bukoba, na alikuwa amezaliwa Mei 31, mwaka 1960, siku 64 baada ya Laurean Rugambwa kutangazwa kardinali. Jina lake Protase.